Shukrani za Claudine kwa Bomba Letu

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaoshughulika na ukurasa wa maneno ya Kiswahili. Mimi ni Pasikali Manirambona, mwenyekiti wa kitongoji kimoja nje kidogo ya Kibondo, upande wa kwenda Kasulu. Gazeti lako hunifikia likiwa limefungia vitumbua vya dukani kwa Mzee Nurudini, na safari hii kitumbua kilikuwa kimekaa juu ya neno "kejeli". Nilipofuta mafuta nikasoma: maneno ya kuchekesha, hata ya sifa, yenye nia ya kukosoa. Hamu ya kula ikaniisha papo hapo. Malalamiko yangu ni haya.

1. Maana hiyo mmeichapisha kwa kuchelewa. Mwezi mmoja kabla, katika mkutano wa kitongoji, jirani yangu Claudine alisimama akasema: "Tunamshukuru Mwenyekiti kwa bomba letu. Tangu Machi halijamlowesha mtoto wa mtu. Na safari za mtoni zimetupa miguu mizuri, waume zetu ni mashahidi." Watu walicheka sana. Mimi nilidhani ni furaha, nikaamuru apigiwe makofi matatu.

2. Kwa kuwa sifa zile zilinigusa, walipokuja wageni wa maji kutoka wilayani nilimkabidhi Claudine kipaza sauti mwenyewe. "Sema yale yale," nikamwambia, "usipunguze hata neno." Hakupunguza. Aliongeza kwamba taarifa zangu za kila mwezi ni safi kuliko maji tunayokunywa. Mkubwa wa wageni akanigeukia: "Mwenyekiti, kwani bomba halitoi maji?" Nikajibu kwa kujidai, "Hata tone!" Na miezi saba yote nilikuwa nimemwandikia kwamba linafanya kazi vizuri.

3. Fundi alikuja Alhamisi, maji yanatoka. Sasa wanaliita bomba la Claudine, wakati mwenyekiti ni mimi. Nikipita pale wananyamaza kwa heshima. Nikishavuka, nasikia kicheko.

4. Nyumbani tunazungumza Kiha. Angesema kwa Kiha ningeshtuka kabla hajamaliza. Kumsema mtu kwa Kiswahili cha mkutanoni, chenye "tunamshukuru" mwanzoni, ni kumvizia. Nilimuuliza mke wangu Nadine kwa nini hakunishtua. Akajibu, "Baba Fidele, ningekushtuaje na mimi nilikuwa nacheka?"

Kwa hiyo naomba anayetaka kukejeli anyooshe mkono kwanza na kutaja nia yake. Kama hilo ni gumu, viongozi tupewe maana za maneno siku saba kabla ya wananchi. Na kama nalo haliwezekani, neno hili liondolewe katika Kiswahili chote, angalau hadi uchaguzi upite.

Wasalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, na dereva anayeleta magazeti hadi huku kwetu.

Mimi niliyeshukuriwa,
Pasikali Manirambona

Tanbihi: Tafadhali msiliondoe neno hilo kabla ya Jumapili. Jumamosi anakuja mkubwa wa barabara, ambaye barua zangu nne hajazijibu. Nimemwandalia haya: "Tunakushukuru kwa daraja letu. Limemaliza ajali kabisa, kwa kuwa hakuna gari linaloweza kulifikia." Claudine ameyasoma, akasema bado ni taarifa tu. Naomba unisaidie kuyanoa.