Sehemu Kumi na Nne za Kumwonyesha Mama Mkwe

Jumatatu, 12 Agosti 1974

Kosa wanalofanya watu wengi wakipata mgeni Nairobi ni kumtembeza bila ratiba. Wanamtoa nyumbani saa nne, wanamzungusha mjini mpaka miguu inamvimba, wanamnunulia soda, wanamrudisha. Akifika kwao anaulizwa ameona nini. Anasema magari.

Mimi si wa namna hiyo. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu. Ratiba iko tayari: kurasa sita, sehemu kumi na nne, kila moja na maelezo yake.

Mgeni ni mama mzazi wa mke wangu, Philister. Jina lake siliandiki hata humu, ni mkwe. Amefika asubuhi kwa gari la moshi kutoka Bungoma, akapelekwa moja kwa moja kwa daktari wa macho. Habari si nzuri. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linalifuata. Kufikia Krismasi atakuwa anajua tu kama taa imewashwa au imezimwa. Hakuna dawa. Philister alilia jikoni. Mimi niliongeza ukurasa wa saba.

Yaani ana wiki moja tu ya kuiona Nairobi. Na kuna kizuizi. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawali chumba kimoja, hawalali chini ya paa moja. Nina miaka ishirini na sita katika ndoa hii na namjua kwa sauti tu, kutoka nyuma ya ukuta wa jiko lake. Sauti nzuri. Kwa hiyo analala nyumba ya pili, kwa Jamleck na mkewe Nyokabi, ambao ni watu wa Kinoo na hawana mwiko huo naye. Jamleck ana gari, Pijo 404. Anamwita Cucu, yaani bibi kwa Kikuyu. Ameshamchekesha mara mbili. Nimesikia kupitia ua.

Swali: utamwelezaje mtu jiji zima bila kuonana naye? Nimefikiri. Nina mbinu.

Philister alisema mama yake hataki mambo mengi, kuna kitu kimoja tu anachotaka kukiona. Kimoja! Nikamwonyesha zile kumi na nne. Akasema pia mama ameleta kuku, na kuhusu kuku huyo kuna neno. Nikamwomba angoje nimalize ukurasa wa saba. Nilipomaliza alikuwa ameenda kuanua nguo.

Jumanne, 13 Agosti

Nimeamka mapema nikamchinja kuku mwenyewe. Mweupe, mzito, hana doa hata moja. Nilitaka Philister apumzike. Alipotoka akaona manyoya, alishika kichwa kwa mikono miwili, akakaa kwenye kigoda. Hajazoea kusaidiwa.

Sehemu ya kwanza: bustani ya miti ya Arboretum. Mbinu ya kwanza: natangulia hatua ishirini, nimewapa mgongo, naeleza kwa sauti. Wao wanafuata na kusikia. Hakuna uso, hakuna dhambi. Nilianza na miti ya Australia, jina la Kilatini, asili, matumizi ya mbao. Nilikuwa katika hali nzuri sana. Kwenye mkaratusi wa nne nikasikia mtu akisema amina.

Haikuwa sauti ya Philister. Niligeuka kidogo, upande mmoja tu. Watu kumi na mmoja. Biblia tatu. Mwanamke mmoja amepiga magoti kwenye majani. Bwana mmoja aliniuliza kwa heshima natoka kanisa gani, na kama huo mkaratusi ulikuwa mfano wa uzima wa milele.

Mama na Philister walikuwa wamekaa kwenye benchi karibu na lango tangu mti wa pili. Dakika arobaini nimehubiria wageni!

Chakula cha mchana: kuku, viazi. Mimi nilikula nyuma ya kichaka. Nimeambiwa Mama hakugusa kuku, hata supu. Wazee hawapendi kuku mchana. Nimeliandika pembeni ya ratiba.

Ijumaa, 16 Agosti

Mvua ya manyunyu siku mbili, hatukutoka. Leo mbuga ya wanyama, kwa gari la Jamleck, maana hakuna njia nyingine. Mbinu ya pili: blanketi. Nimelitundika kati ya viti vya mbele na vya nyuma, pini nane. Jamleck na mimi mbele, Mama na Philister nyuma. Wana madirisha yao ya pembeni. Niliwaeleza kwamba wanyama wengi huonekana pembeni.

Twiga walionekana pembeni. Pundamilia pembeni. Nilieleza mistari. Jamleck alisema, Cucu, hao ni punda waliovaa sweta, na nyuma wakacheka mpaka gari likatikisika. Si sahihi kisayansi. Nimemwambia.

Halafu simba. Jike na watoto watatu, wamelala barabarani, mbele kabisa ya bampa. Mbele! Sauti ya Philister ikatoka nyuma ya blanketi: Mama anauliza simba yuko wapi. Jamleck akasema kwa upole, Mwalimu, toa blanketi, Cucu aone. Akalishika. Nami nikalishika. Nikamweleza maana ya mwiko, asili yake, na jinsi jamii mbalimbali za magharibi ya Kenya zinavyoutunza. Akasema basi ageuze gari ubavu. Nikamweleza hatari ya kugeuza gari karibu na simba mwenye watoto. Nilipofika kwenye sababu ya tatu, simba walisimama, wakajinyoosha, wakaingia kwenye majani marefu.

Jamleck aligeuza gari kuelekea langoni.

Jambo moja dogo. Tulipokuwa tumesimama, Mama alinisemesha. Moja kwa moja, kupitia blanketi. Aliuliza kama nimezeeka, kwa kuwa sauti yangu imekuwa nzito. Nikajibu, nikitazama kioo cha mbele, kwamba ni baridi ya Agosti. Halafu nikahisi kiganja kimewekwa kwenye blanketi, hapa nyuma ya bega. Kimetulia tu. Nikasogea mbele, kwa heshima.

Jumamosi, 17 Agosti

Usaliti. Asubuhi nikiandika maelezo ya makumbusho, Jamleck na Nyokabi wamemchukua Mama mpaka Uhuru Park. Bila ratiba! Wamempandisha mashua. Wamemnunulia mahindi ya kuchoma. Jamleck amepiga kasia, na viatu vyake vimeingia maji, na jambo hilo linasemekana kuwa la kuchekesha. Amerudi akiimba. Nimesikia kupitia ua.

Uhuru Park ni sehemu ya tisa. Nimeikata kwenye ratiba, kisha nikairudisha. Kitu kilichoonwa bila maelezo hakijaonwa.

Jamleck alikuja uani akaniambia Cucu amemshika uso kwa mikono miwili, akamtazama kwa karibu, akasema sasa uso wa jirani anaujua. Sijui kwa nini aliona ni muhimu niambiwe. Philister alikuwa amesimama hapo hapo. Akaanza kuniambia: Baba Shem, yule kuku. Nikasema kuku ameshaliwa, tuzungumze kuhusu kesho. Akaingia ndani.

Jumapili, 18 Agosti

Sehemu ya kumi na nne nimeileta mbele, kwa sababu ndiyo kilele. Jengo jipya la mikutano, juu kabisa, penye mkahawa unaozunguka. Siku isiyo na ukungu, mtu huona Mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande mwingine. Leo palikuwa na ukungu. Hata hivyo nilikuwa na mchoro.

Mbinu ya tatu, bora kuliko zote. Sakafu ya pembeni, yenye meza, inazunguka. Katikati, penye ngazi, haizunguki. Mama na Philister wakae mezani kando ya kioo. Mimi nisimame katikati. Wao wanapelekwa, mimi nabaki. Hakuna kuonana.

Nilisahau jambo ambalo ningemrudisha mtoto wa darasa la tano ubaoni kwa kulisahau. Kinachozunguka hurudi.

Mhudumu, Bwana Makau, ndiye aliyenionyesha meza yao ikija. Polepole, kama jahazi la kifalme. Nikachukua karatasi ya vyakula nikafunika uso. Dakika tisa! Sakafu hiyo haina haraka. Chini ya karatasi niliona mikono yake tu, imekunjwa juu ya mkoba, vidole vyembamba, vimepinda kidogo. Philister aliinuka mezani, akaja, akaninong'oneza nishushe hiyo karatasi, tafadhali. Nikamnong'oneza habari za mwiko, ambao kwa hakika anaujua, kwa kuwa amezaliwa nao. Meza ikapita.

Kilichonisikitisha ni hiki. Philister anasema tangu walipokaa, Mama alikigeuzia kioo mgongo. Saa nzima. Milima ya Ngong iko huko nje, yeye anaangalia ngazi.

Jumatatu, 19 Agosti

Stesheni. Gari la saa tisa. Sehemu kumi na moja bado hazijaonwa. Nilisimama nyuma ya nguzo, nikiandaa neno fupi kuhusu reli inavyopanda Limuru. Philister, Jamleck na Nyokabi walikuwa dirishani kwa Mama.

Kengele ilipolia, Mama alipaza sauti, nami nikamsikia vizuri.

"Mwambieni mkwe wangu Nairobi nimeiona. Ni yeye sikumwona. Nilileta kuku nimkabidhi mkononi, tufungue macho kabla yangu hayajafunga. Akamla."

Hapo ndipo Philister alipokuja nyuma ya nguzo na kunieleza, kwa maneno machache kuliko ambayo ningetumia mimi. Katika ukoo wao mama mkwe akizeeka anaweza kuuondoa mwiko. Analeta kuku mweupe. Anampa mkwewe mkono kwa mkono. Kuanzia hapo wanatazamana na kuamkiana kama watu. Hakuja kuona simba. Hicho kitu kimoja alichotaka kukiona kilikuwa uso wangu. Philister alijaribu kuniambia mara tano. Nilihesabu baadaye: sita.

Gari lilikuwa limeanza kusogea. Nilitoka nyuma ya nguzo. Mguu mmoja kwanza, kisha wa pili. Nilivua kofia. Mkono wake ulikuwa nje ya dirisha, unapunga, lakini si kwangu. Alikuwa anampungia mpagazi mmoja mrefu, mwenye koti kama langu, akidhani ndiye mimi. Mpagazi, mtu mwema, akapunga pia.

Nilisimama hapo mpaka behewa la mwisho. Sikueleza kitu.

Alhamisi, 22 Agosti

Sijalala vizuri siku tatu. Nakikumbuka kile kiganja kwenye blanketi. Ningeweza kugeuka. Pini nane tu.

Leo asubuhi nimekuta kuku mweupe amefungwa miguu, kando ya mlango wa jikoni. Juu ya meza kuna tiketi ya gari la moshi, Nairobi hadi Bungoma, daraja la pili, ya leo. Jamleck alikuwa uani na Pijo yake, injini inanguruma, anajifanya anafuta kioo.

Philister alisema maneno haya tu: "Baba Shem, gari ni saa tisa. Nenda ukaonekane."

Niliguswa sana. Nilimshika mkono. Kisha nikamweleza, polepole, kwa kuwa amechoka, kwamba haraka ndiyo huharibu mambo. Nilimpima kuku. Ni mwembamba. Mama alileta mzito. Mimi nitapelekaje huyu? Tena mtu haendi kwa mkwe wake mara ya kwanza kuonana naye bila maandalizi. Kuna la kusema. Nimeshaanza kuliandika, niko ukurasa wa nne, na sijafika kwenye kuomba radhi. Kwa hesabu yangu kuku atakuwa amenona vizuri katikati ya Desemba. Nitafika wiki ya Krismasi, shule zimefungwa, siku zina jua, mwanga wa kutosha kutazamana.

Philister aliichukua tiketi, akaitazama, akaiweka ndani ya Biblia. Jamleck alizima injini.

Nimepiga mstari chini ya ukurasa na kuandika kwa wino mwekundu. Leo: nunua mahindi ya kuku, kilo mbili.