Kalenda ya Maneno Kumi na Mawili

Jumatatu, 17 Aprili. Asubuhi ukungu, upepo hafifu kutoka ziwani.

Hylke wa maktaba anatafuta mtu wa kuwafundisha Waingereza wetu maneno matamu ya Kiholanzi. Wanafunzi wako watatu: Rosalind, mumewe Clive, na Maud, dada yake Rosalind. Watachagua mwalimu wenyewe Ijumaa. Tumejitokeza wawili, mimi na jirani yangu Wietske. Wietske hana mpango wowote. Mimi ninao.

Jumanne, 18 Aprili. Mvua.

Mpango: maneno kumi na mawili, moja kwa kila mwezi, kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa, ile tunayoandika jina la mtu kwenye tarehe aliyozaliwa. Nimeitundika chooni, mahali pake katika kila nyumba ya Kiholanzi, usawa wa macho ya aliyeketi, na kalamu kwenye uzi. Januari: *handschoen*, kiatu cha mkono, yaani glavu. Aprili: *uitwaaien*, kutoka kwenda kupigwa na upepo mpaka kichwa kitulie. Juni: *schildpad*, chura mwenye ngao, yaani kobe. Desemba: *uitbuiken*, kuegemea kiti baada ya kula, tumbo lipate nafasi. Mtu aliyeketi pale hana la kufanya ila kusoma. Atajifunza apende asipende.

Waingereza wamealikwa kahawa kesho.

Jumatano, 19 Aprili. Jua kidogo.

Wamefika saa nne kamili. Kahawa, biskuti moja kila mtu, nikafunika kopo. Kahawa ya pili. Ya tatu. Hakuna aliyeinuka! Nilimwona Maud akikunja miguu huku akisifu mapazia. Kumbe kwao ni aibu kuomba choo ugenini. Kikombe cha nne kikawashinda. Wameingia mmoja mmoja, wametoka wakinishukuru sana.

Nikawapima. Wote wanajua *uitwaaien*. La pili hawana. Hakuna aliyefunua ukurasa!

Hata hivyo, neno moja ni mwanzo.

Alhamisi, 20 Aprili. Upepo mkali.

Wietske kaja kuazima ngazi, kisha akaomba choo. Kakaa humo muda mrefu. Katoka amekunja uso.

“Jirani, jambo kubwa namna hii unaninyima hata fununu?”

Wivu huo. Nikamwambia kila mtu na mbinu zake. Kaondoka mbio, ngazi kaiacha.

Ijumaa, 21 Aprili. Upepo umetulia.

Kura tatu kwa Wietske. Mimi sifuri.

Nikamuuliza Clive kulikoni. Kasema jana Wietske aliwagongea mlango na keki ya tufaha. Akampongeza kila mmoja kwa siku yake ya kuzaliwa, kisha, kwa desturi yetu ya kupongeza na jamaa, akampongeza Clive kwa ya mkewe, akampongeza Rosalind kwa ya mumewe, akampongeza Maud kwa wote wawili, akaomba radhi kwa kuchelewa siku moja. Kisha akawaketisha kwenye viti vilivyopangwa duara na kuwafundisha wimbo wetu wa siku ya kuzaliwa. Walipomaliza keki akawaonyesha *uitbuiken* kwa vitendo.

Nikamwambia hiyo ni bahati, kuzaliwa siku moja watu watatu nyumba moja.

“Bi Aaltje, mimi nimezaliwa Novemba,” akasema. “Hakuna hata mmoja wetu wa Aprili. Lakini tuna miaka miwili hapa, na hakuna aliyewahi kutubishia hodi. Tungemwambiaje amekosea?”

Nimerudi nyumbani, moja kwa moja chooni. Tarehe 19, majina matatu, mwandiko mzuri. Walidhani ni daftari la wageni.

Wietske kapita jioni kuchukua ngazi. Kasema, “Njoo Jumatano darasani kule maktaba, jirani, tukae pamoja nao. Wanakupenda, ila wanaogopa kahawa yako.” Nimemwambia nitafikiria.

Nimefikiria. Kosa ni kalamu. Nimeikata uzi na kuitia kabatini. Mengine yote yalikuwa sawa.

Maktaba ina vyoo viwili. Nimeshachora kalenda mbili, na safari hii kila mwezi una maneno manne. Jumatano nitakwenda kweli, na chupa kubwa ya kahawa.

Nalala sasa, saa tatu na dakika arobaini.