Samaki wa Mkurugenzi Wapatiwa Utulivu

Kwa niaba ya Idara ya Utulivu wa Umma, hapa Nakuru, natangaza kwa fahari kubwa kwamba samaki wetu wamepona msongo wa mawazo. Mimi ni msemaji wa Idara. Nitaeleza ilivyokuwa, maana huko nje watu wanaongea tu.

Mkurugenzi wetu, Bwana Kiprugut, alinunua tangi la samaki wa rangi ya machungwa akaliweka mapokezi, ili mwananchi anayengoja huduma atulie. Juu yake tukaweka spika iliyorudia hotuba zake kutwa. Haukupita muda, samaki wakaanza utovu wa nidhamu. Walijibana pembeni, mapezi yameshikamana na mwili, rangi imepauka. Wengine walijikuna kwenye changarawe. Chakula walikisusia, wakaelea juu wakihema midomo wazi.

Kamati ilikutana katika hoteli moja Naivasha, kwa kuwa msongo hauchunguzwi mahali penye msongo. Ikabaini chanzo: wananchi. Wanawatazama samaki kwa macho ya malalamiko.

Basi wananchi wakahamishiwa uani, juani. Spika ikabaki.

Kati ya waliohamishwa alikuwa Milcah, mwalimu wa sayansi kutoka Kiamunyi, aliyekuwa akifuatilia mabomba ya mtaa wao yaliyokauka. Kupitia dirishani alimwona Mkurugenzi akimwaga maji yote ya tangi na kujaza mengine ya bomba.

"Boss, hao utawaua," akasema. "Maji ya mfereji yako na dawa. Yaache yakae kwa ndoo kwanza, halafu ubadilishe kidogo kidogo. Wawekee pa kujificha. Na uzime hiyo spika, inawatetemesha."

"Mathe, wewe ulikuja kwa sababu ya maji ama samaki?"

"Maji. Lakini naona hata hao wako kwa laini ya kungoja maji."

Mkurugenzi aliupokea ushauri kitaasisi, yaani alisema ni wake. Kisha akauboresha: kama maji ya mfereji yana dawa, yaletwe ya kisima. Lori la maji ya kisima lililokuwa likienda Kiamunyi likageuzwa njiani.

Lilipoingia uani, dereva wake, Muiruri, akapaza sauti: "Haya ni maji ya Kiamunyi. Nani amesema niletee samaki?"

Uani walikuwepo wale wote tuliowatoa ndani. Tungewaacha mapokezi, wasingesikia neno.

Milcah akapiga simu. Chai ya ofisi haijapoa, nusu ya Kiamunyi ilikuwa imefika na mitungi, watu wanateka. Mkurugenzi akatoka mbio, kidole juu. "Nani amewaruhusu? Nitawashtaki nyote!"

Wakati huohuo Bi. Chelagat, mkubwa wake, akaingia langoni na waandishi wa habari. Alikuja kuona samaki.

Mkurugenzi ni mtu mwenye kipaji. Kidole kikashuka, kikashika mtungi wa mama aliyekuwa karibu. Akatabasamu kwa kamera.

"Karibu, Mheshimiwa! Huu ni mradi wangu. Maji kwa mwananchi, kiongozi mwenyewe akihudumu!"

"Umeubuni wewe?" Bi. Chelagat akauliza.

"Mimi mwenyewe."

"Na unaupenda?"

"Kwa moyo wote, Mheshimiwa."

"Basi siwezi kukutenga na wito wako. Kuanzia kesho utahudumu Kiamunyi, mpaka mabomba yatoe maji."

Makofi yaliyopigwa uani sijawahi kuyasikia kwa hotuba yoyote. Mkurugenzi naye alipiga, kamera zilikuwa zinamtazama.

Jioni hiyo nilizima spika kwa mamlaka yangu kama kaimu mkurugenzi niliyeteuliwa papo hapo, nikatekeleza na ushauri uliobaki wa Milcah. Kufikia wikendi samaki walikuwa wametoka pembeni, wanakula.

Mkurugenzi yuko Kiamunyi, mikono ya shati imekunjwa. Nilimpelekea barua zake, nikamkuta akimweleza Milcah kwamba yeye ni afisa wa ngazi ya juu.

"Najua, boss," Milcah akamjibu. "Inua mtungi, mathe anangoja."

Hata hivyo kazi inasonga. Mafundi wanasema tangu waajiriwe hawajapata kuona mkubwa anayewapigia simu alfajiri, kila siku, akiwaomba kwa jina la Mungu watengeneze mabomba.