Kikapu cha Kupikia Bila Makaa

Jumatatu, 10 Septemba 2007

Asubuhi baridi. Mawingu yamelala juu ya mlima Menengai, manyunyu kidogo, upepo hakuna.

Leo nimeanza! Tangu serikali itangaze marufuku kwenye bajeti ya Juni kila redio inaongea juu ya mifuko ya plastiki, na hapa kwenye karakana yetu ya sare tunaitumia kama vile inaota mtini. Kila kazi ikikatwa hutiwa kwenye mfuko wake unaoonyesha ndani, ndipo iende kwa washonaji. Mimi ndiye mtunza stoo. Kwa hivyo nilimwendea Mama Manju, mwenye karakana, na pendekezo. Mifuko marufuku. Tutumie magunia ya sukari yaliyofuliwa. Gunia la kazi lifungwe kwa kamba nyekundu, gunia la taka kwa kamba nyeupe. Alinisikiliza huku akihesabu vifungo. Akauliza magunia yatagharimu nini. Nikasema hayatagharimu kitu. Akakubali kabla sijafunga mdomo.

Kinyanjui, mpiga pasi wetu, aliuliza kama yeye naye apige pasi kwa mate ili kuokoa maji. Watu wa aina yake hawakosekani pahali popote penye maendeleo.

Ni Jerotich tu aliyenitia wasiwasi. Alisema, "Wachu, kwenye mfuko naona kilichomo. Kwenye gunia nitaona nini?" Nikamwambia ndiyo maana kuna kamba. Akacheka, akasema sawa dada, wewe ndiye serikali.

Niandike hapa jambo lake, maana ni kubwa. Jerotich ni mkataji, lakini miaka yote hii amekuwa kibarua wa kulipwa kwa siku. Sasa Mama Manju amempa kazi peke yake, kuanzia kupima mpaka kupiga pasi: majoho ya kwaya moja ya Njoro, rangi ya damu ya mzee. Akiyatoa Jumamosi yakiwa sawa, ataandikwa kazi ya kudumu, mkataji mkuu. Tayari amechagua pa kuweka meza yake, karibu na dirisha. Tumekula chakula cha mchana kwenye bakuli moja tangu nije hapa. Namtakia kazi hiyo kuliko ninavyojitakia nyongeza ya mshahara. Nimeandika hivyo na ni kweli.

Jumanne, 11 Septemba

Baridi tena. Ukungu mpaka saa tatu.

Leo zamu ya nyumbani. Nimemtangazia Gedion, mume wangu, kwamba maji ya kuoga sasa yatamwagwa chooni, yasipotee bure. Alikuwa bafuni, povu kichwani. Akauliza kupitia mlango kama bado ana ruhusa ya kujisuuza. Nikasema kikombe kimoja. Nikasikia kikombe kikigonga ndoo.

Jambo kubwa ni kikapu. Tulifundishwa kwenye semina ya akina mama kanisani. Unachukua kikapu kipana, unakizungushia mito iliyojazwa matambara. Unachemsha githeri, mahindi na maharagwe, kwa muda mfupi, unatia sufuria ndani, unafunika kwa mto mwingine. Chakula kinajiivisha chenyewe kwa joto lake! Makaa unatumia kiganja tu. Nimeshona mito kwa vipande nilivyokuwa navyo. Githeri imeingia saa mbili usiku. Kesho karakana nzima itakula kwangu, nao wataona.

Jumatano, 12 Septemba

Jua jembamba asubuhi. Mchana vumbi, kama kawaida ya mji huu.

Waliona.

Githeri ilikuwa na joto zuri kabisa. Maharagwe yalikuwa karibu. Mahindi hayakuwa hata njiani. Kinyanjui aliokota punje moja, akaitazama kwenye mwanga, akatangaza kwamba hii inaweza kurudi shambani na itaota vizuri. Wote wakacheka. Mama Manju naye alionja, kwa heshima. Aliiweka mdomoni, akatikisa kichwa polepole, akaingia ofisini. Sijui aliitemea wapi.

Jerotich peke yake alimaliza sahani. Alisema yeye hupenda chakula cha kutafuna. Nilimsikia akitafuna nikiwa upande wa pili wa meza.

Nimechunguza. Kosa si la kikapu, ni la mito. Ni myembamba. Nahitaji gunia zima la matambara. Mama Manju amesema taka ya stoo nichukue nipendavyo.

Tena, kamba nyeupe zimeisha. Mtu mwingine angeomba za kununua. Mimi nimeokota kamba nyekundu zilizotupwa sakafuni, nikafungua mafundo kwa meno, nikafungia magunia ya taka. Hakuna kilichopotea. Nimejipongeza.

Alhamisi, 13 Septemba

Mawingu asubuhi, jioni safi.

Nimebeba gunia nyumbani. Yalikuwa mawili karibu na mlango wa stoo, yote kamba nyekundu. Nikachukua la kushoto, nililolifunga mwenyewe jana. Nalikumbuka fundo. Ndani matambara ya damu ya mzee, mengi, mazito. Muhula huu tumeshona sketi za rangi hiyo mpaka taka imefika darini.

Mimi na Gedion tumekaa na mikasi jioni yote tukikatakata. Mito mizuri hutaka vipande vidogo. Gedion akauliza mbona matambara haya yote yana umbo moja. Nikamwambia mkataji mzuri hata taka yake huwa na nidhamu. Akasema yeye hajui mambo ya cherehani, ila mbona mengine yana alama za chaki. Nikamwambia akate.

Mito imejaa, imenona kama watoto. Nimetia githeri.

Ijumaa, 14 Septemba

Anga safi. Asubuhi nzuri kuliko zote za wiki hii.

Githeri iliiva. Laini! Mahindi yalipasuka yenyewe. Nilitembea mpaka kazini nikiwa na sufuria mikononi, nikitafuta maneno ya kumwambia Kinyanjui.

Nilipofungua mlango wa stoo, Jerotich alikuwa amepiga magoti katikati ya magunia. Yote yalikuwa wazi. Mikono ya majoho haipo. Miili ya majoho ipo, kola zipo, mikono ya kwaya nzima haipo. Alikuwa ameiweka kwenye gunia, kamba nyekundu, kando ya mlango.

Nilijua kabla sijaweka sufuria chini.

Sikusema. Naandika hapa sababu, ingawa sasa inanuka. Sikunyamaza kwa woga. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na mpango. Nilifikiri: vipande vyote vipo nyumbani, ndani ya mito, hakuna hata kimoja kilichopotea. Vinaweza kuunganishwa. Jioni nitamrudishia mikono yake, imekamilika, halafu ndipo nieleze, nasi tucheke. Nikasema tumbo linaniuma, nikaomba ruhusa. Kinyanjui akasema hatimaye githeri imempata mwenyewe.

Nyumbani nilipasua mito. Nikamwaga vyote kitandani. Nikakaa kwenye cherehani. Kufikia saa saba nilikuwa nimemaliza mkono mmoja. Ulifanana na ramani ya wilaya.

Gedion alikuja kula. Akatazama kitanda, akatazama ule mkono, akaelewa. Alisema, "Mama, nenda useme." Nikamwambia baada ya mkono wa pili. Akasema tena, bila kupandisha sauti, kwamba kuna mtu anatafuta kitu ambacho mimi najua kilipo. Akaondoka bila kula.

Nilifika karakana saa tisa. Nikamwambia Jerotich stoo, tukiwa wawili. Alikaa juu ya gunia. Nilingoja anitukane. Aliuliza jambo moja tu, nilijua lini. Nikasema asubuhi.

Ndipo akanieleza. Asubuhi ile ile alikimbia dukani kwa Sandeep, anayetuuzia vitambaa. Robota lile lile lilikuwepo bado, rangi ile ile, linalotosha mikono yote. Lakini Mama Manju alikataa. Alisema kitambaa kingine hakinunuliwi mpaka ijulikane cha kwanza kilikwenda wapi, maana huenda kuna mtu amekiuza. Saa sita mtu wa hoteli akalichukua robota lote akashone mapazia.

"Ungesema asubuhi, Wachu," alisema. "Neno moja tu. Nisingekuuliza hata ilikuwaje."

Githeri ilikuwa bado pale kwenye dirisha la stoo, juani. Bado ina joto.

Jumamosi, 15 Septemba

Manyunyu. Barabara imejaa matope.

Nimemwambia Mama Manju kila kitu kabla ya kazi kuanza, nikiwa nimesimama. Gunia, kamba, mito, kitanda. Alifunga macho nilipofika kwenye kamba.

Jerotich alikuwa ameshona usiku kucha, mikono ya kitambaa kingine. Kwenye taa ya karakana ilikuwa inakaribiana. Mwenyekiti wa kwaya alilipeleka joho moja nje, akalitazama kwenye mwanga wa mchana. Mwili damu ya mzee, mikono rangi ya matofali. Akasema asante, kama mtu aliyeletewa viatu visivyomtosha. Akayachukua, kwa sababu kesho wanaimba. Majoho ya kwaya ya watoto, waliyokuwa wameahidi kutupa baadaye, akasema watatafuta fundi karibu na kwao.

Mama Manju alimwita Jerotich ofisini, nikaingia nyuma yao bila kuitwa. Alisema mkataji mkuu hulinda vipande vyake kama macho yake. Kazi ya kudumu haipo, aendelee tu kama kibarua. Nikasema kosa ni langu. Akasema amesikia, na kwamba Jumatatu mifuko ya plastiki irudi. Basi! Mimi mwenye kosa nimebaki na stoo yangu na funguo zangu. Jerotich asiye na kosa ndiye aliyetazamwa mpaka akainamisha kichwa.

Alichukua mkasi wake na futi yake, akavifunga ndani ya aproni. Akawaaga wote, hata Kinyanjui, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Mimi aliniambia, "Haya, Wachu." Akaurudisha mlango taratibu. Angeubamiza ningelala vizuri zaidi.

Alhamisi, 20 Septemba

Jua.

Nimekula peke yangu kwenye lile bakuli. Ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Kinyanjui alikuja akakaa, akala vijiko viwili, akasema githeri ni nzuri. Nilitamani aseme ni mbaya.

Jumapili, 30 Septemba

Asubuhi angavu, upepo tangu alfajiri.

Kuna habari za Jerotich. Kinyanjui alimwona juzi mtaani Bondeni, akanieleza jana kazini. Amekodi kona ya veranda, ana cherehani na meza moja. Amepata kazi yake ya kwanza ya maana, suti nyeusi za harusi, bwana harusi na wasimamizi wake wote. Ameanza kuzikata.

Na alinitumia ujumbe! Kinyanjui aliusema akitazama viatu vyake, kwa hivyo najua hakuongeza chumvi. "Mwambie Wachu nilikasirika, lakini sikumchukia. Aje tunywe chai. Ila asilete kitu. Hata kama ni kitu kizuri. Aje hivyo hivyo alivyo." Nililia nyuma ya marobota. Mtu niliyemharibia ndiye anayenitafuta.

Nilikuwa niende leo baada ya ibada. Shali nilikuwa nimeshavaa. Nikafika mlangoni, nikasimama. Mtu anaendaje hivyo hivyo, baada ya jambo kama lile? Ataingia na nini? Atasema nini mikono ikiwa imening'inia tu?

Hapo ndipo jirani yetu Kiptanui alipoingiza lori lake kutoka Kariandusi, jeupe lote mpaka kwenye nyusi zake. Kule wanachimba ule unga mweupe wa kwenye mawe, mwepesi kama unga wa ngano. Nilimuuliza ni wa kazi gani. Akasema mambo mengi, lakini la maana ni hili: unazuia joto lisitoroke. Nilishika ukuta. Kumbe shida yangu tangu mwanzo ilikuwa kitambaa! Ukiwa na unga huu huhitaji tambara hata moja, na pasipo matambara hakuna mtu anayeweza kupoteza mikono ya mtu. Kiptanui alinifagilia sakafu ya lori, gunia moja na nusu, bure. Ungetupwa!

Kwa hivyo sikwenda. Nimeshinda nikishona mito mipya. Gedion alisimama mlangoni akasema, "Amesema usilete kitu." Nikamweleza kwamba watu husema hivyo kwa adabu. Akasema Jerotich hasemi mambo kwa adabu, husema anavyotaka. Wanaume hawajui urafiki wa wanawake.

Unga unapenya kidogo kwenye mishono. Koti jeusi la Gedion la kanisani, lililokuwa kwenye kiti, sasa ni la kijivu. Nimelikung'uta, limebaki la kijivu. Si kitu. Mito ikikaa penye upepo itatulia, na Kinyanjui anasema veranda ile ina upepo mzuri kutoka pande zote.

Kesho nitaamka mapema nimfikie kabla hajafungua. Nitakiweka kikapu juu ya meza yake ya kukatia, katikati, akione cha kwanza akifika. Mito nitaipigapiga vizuri inone. Sitangoja kushukuriwa. Chai tutakunywa siku nyingine.

Nalala sasa, saa saba kasoro robo usiku, moyo ukiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile.