Mnyama Mwekundu wa Mjomba Bakari

Leo nimeumbuka. Niko nyumbani Newala, nimejifungia chumbani kwa mama, naandika kwa simu. Sitoki.

Kwa wasionijua: mimi ni mzamiaji. (Siyo wa kuzamia meli kwenda Ulaya. Mjomba naye alidhani hivyo.) Huko Mtwara nashuka chini ya bahari na mtungi wa hewa mgongoni, naongoza wageni na kupiga picha konokono wa baharini. Hawa hawana gamba, wengi ni wadogo kama kidole, na rangi zao utadhani wamechorwa.

Mjomba Bakari, kaka yake mama, haamini kama hiyo ni kazi. Yeye ni fundi cherehani hapa sokoni, na kwetu mjomba akishasema, umesemewa. Amesema msimu huu nirudi kupulizia mikorosho dawa. "Konokono? Hata hapa wapo!" Mama akaniombea nafasi moja tu: niwaonyeshe.

Basi leo mchana tukaazima banda la video. Nikaunganisha kamera na televisheni. Mjomba kakaa mbele, na kofia yake ya sikukuu. Nyuma wamejaa waliokuja kusubiri mpira.

"Shikamoo, mjomba. Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Haya, tuone."

Picha ya kwanza: konokono wa bluu, mistari ya njano. Ya pili: mweupe, madoa ya zambarau. Jirani yetu Mama Zuhura akaguna, "Maji yote hayo, na sisi tunaoga kwa kopo!" Watu wakacheka kwa wema. Mjomba akasogeza kiti mbele. Nikaona anaanza kulainika.

Hapo ndipo ningekoma. Sikukoma.

"Sasa," nikasema, "huyu hayumo kwenye kitabu chochote nilichonacho. Nimemkuta juzi. Nilikaa naye mpaka hewa ikakaribia kuniishia."

Nikabonyeza. Mwekundu! Ubavu mzima marinda matupu, kajikunja juu ya jiwe. Banda zima: "Aaah!"

(Kichwa kikanivimba.)

"Wataalamu wakithibitisha ni mpya, nitaomba apewe jina la Mjomba Bakari."

Makofi! Mama akafuta machozi. Mjomba akatoa miwani, akasimama, akaisogelea televisheni.

"Kuza hapo pembeni."

Nikakuza. "Hapo ndipo anapopumulia, mjomba."

"Kuza tena."

Nikakuza tena. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Mpwa wangu. Huyu mnyama amepigwa ovaloki."

Kidole kikashuka kidogo.

"Na hili ni lastiki. Tangu mitumba iruhusiwe nchini, kazi yangu ni kurekebisha nguo kama hizi. Hii ni chupi ya mtoto. Ya marinda."

Nikatazama. Nikaona mshono. Nikaona lastiki. Nikaona hata lebo! (Nilikuwa nimeiita kichwa.)

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Chupi ya Mjomba Bakari!"

Banda likalipuka. Mama Zuhura alikaa chini kabisa, kwenye vumbi. Mama yangu akajifunika uso kwa kanga, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Mjomba hakucheka. Alitoka taratibu, katikati ya vicheko, kama mtu anayetoka msibani.

Nikamkimbilia mpaka kwenye cherehani yake. "Nisamehe, mjomba."

Akatunga uzi kwanza. "Yule wa bluu naye ni nguo?"

"Hapana, mjomba. Wa kweli, wallahi."

"Basi rudi baharini kwako. Mikorosho nitapulizia mwenyewe. Hapa mjini nisikuone mpaka mwakani."

Kwa hiyo nimepata ruhusa niliyoitafuta. Sina hata uso wa kuifurahia. Basi la Mtwara linapakia sokoni, mbele ya lile banda, kwa hiyo kesho napanda bodaboda mpaka Masasi nizungukie huko.

Msicheke, jamani. Sheria ya kwanza ya kuzamia ni kutogusa kitu chochote unachokikuta chini, na mimi niliitii kwa moyo wote.