Mabati Sita Yaliyogeuka Kiti

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nilipewa niandike watu wanaoingia getini. Hawaingii. Nimeanza kujiandika mwenyewe.

Asubuhi mkutano ofisini. Tulikuwa watatu: mimi mlinzi wa misheni, Mama Hazina anayeshika fedha, na mchungaji wetu mgeni. Mchungaji nimembatiza Bwana Risiti. Huyo hata ukimwambia umeamka salama anatamani kuona karatasi. Kiswahili amejifunzia kwenye Biblia, akiomba chumvi mezani utadhani kiama kimefika. Leo kasema, amin, amin, akina bibi wanataka hesabu.

Akina bibi ndio wafadhili wetu. Wako ng'ambo. Wanaoka keki, wanaziuza baada ya ibada, fedha wanatutumia sisi. Mwaka jana walituma fedha ya mabati ishirini tuezeke upya darasa la watoto la Jumapili. Sasa wanataka risiti zote kabla hawajaamua kama wataendelea nasi. Jumatano saa tisa ziwe mezani.

Nani alitumwa kununua mabati? Mimi.

Nilinunua kumi na manne. Yale sita yako chumbani kwangu, ila yamekuwa kiti. Kiti cha sponji, kijani, kina mpini ubavuni. Ukiuvuta, kinakunyanyua miguu kama mfalme. Mgongo wangu una miaka sabini na moja. Uliomba. Paa upande wa nyuma nikaziba kwa turubai. Kule wanapita kuku tu, na kuku hawaandiki ripoti.

Mke wangu kasema nikifukuzwa tunatoka chumba hiki cha getini, tunahamia kwa dada yake. Shemeji yule! Anayehesabu vijiko vya sukari kwa sauti wakati unatia! Nimekosa hata hamu ya kuvuta mpini.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa muuza mabati. Nimemwomba risiti ya mabati ishirini. Kauliza yale sita yalitokea mlango upi. Nikamwambia, mdogo wangu, tusaidiane, hii kazi ya Mungu. Akasema basi Mungu apite dukani achukue mabati yake, bei ni ileile. Kaandika kumi na manne, herufi kubwakubwa, na mhuri juu. Vijana wa siku hizi!

Nikapita duka la madaftari. Kumbe kitabu cha risiti kinauzwa kitupu! Hivihivi! Hata jina hawaulizi! Miaka yote hii nilidhani risiti zinatoka serikalini. Nimenunua kimoja.

Kazi ya kuziba pengo la yale sita ilianza baada ya chai. Nimeandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. Risiti ya mkokoteni. Ya misumari. Ya kukodi ngazi. Ya maji ya mafundi. Ya kulinda mabati yasiibwe (hii ilinisuta kidogo, lakini yale kumi na manne niliyalinda kweli). Mkono wa kushoto ukishapata moto haushikiki. Zimefika kumi na moja. Mke wangu kachungulia, kauliza ni paa gani la siku mbili linalokodi ngazi siku kumi na tisa. Nimemwambia, mama, hesabu huzijui. Akasema, we unazijua? Nimegeuza ukurasa.

Kujumlisha sikujumlisha. Shule niliiacha darasa la tatu, na hesabu ndefu zilikuwa zinaanza muhula wa mbele.

Jumatano, 5 Machi

Mama Hazina kabonyeza kalkuleta yake. Kanitazama juu ya miwani. Kabonyeza tena, safari hii kutoka chini kwenda juu. Kasema huyu mzee alipewa fedha ya mabati ishirini, na risiti zake zikijumlishwa zinafika bei ya mabati ishirini na tisa.

Jasho! Nikamsikia shemeji anahesabu: kimoja, viwili.

Kauliza, mzee, fedha ya mabati tisa zaidi uliipata wapi? Nikakohoa. Nikatazama viatu vyangu. Vya kwake pia. Hapo Bwana Risiti akainuka, macho yamelowa. Akasema, Mama, huoni? Fedha ilimpungukia, akatia ya kwake, na kinywa chake hakikunena neno! Akanikumbatia. Ana mikono kama koleo yule mtu, mbavu zinalia hadi sasa.

Nimeingia mwizi, nimetoka mfadhili. Sielewi. Nimerudi, nimekaa kitini, nimevuta mpini, bado sielewi. Mke wangu kauliza kulikoni. Nikamwambia nadhani nimetoa sadaka.

Alhamisi, 6 Machi

Bwana Risiti aliwaandikia akina bibi jana ileile. Asubuhi majibu yamefika. Wamelia wote saba, kasema. Wanataka kuniona! Jumapili baada ya ibada, kwenye simu ya picha, niwatembeze darasa zima. Mbele na nyuma.

Nyuma!

Sijakaa sawa, Mama Hazina huyo na fomu. Kasema kila mchangiaji lazima aingie kwenye ripoti, na mtu aliyetoa mabati tisa kwa hiari yake hakosi ahadi ya mwaka ujao. Kashaandika mabati tisa. Nimemuuliza kama mtu anaweza kustaafu ufadhili. Kasema si siku ya pili, baba. Kisha katabasamu. Miaka sita namjua, meno yake leo ndio nimeyaona. Sikuyapenda.

Nimeweka sahihi. Ningefanyaje? Nimetumia mkono wa kulia, mkono wa heshima.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata akili! Nauza kiti, nanunua mabati sita, naziba nyuma kabla ya Jumapili. Nani atajua? Mke wangu kasema hiyo ndiyo njia niliyotakiwa kuifuata tangu Jumatatu. Wivu tu.

Nimekitoa kiti nje ya geti, nimekipangusa, nimekaa juu yake nikisubiri mnunuzi. Wamepita wengi. Mmoja kaniuliza kama naumwa. Saa sita akatokea Mama Hazina. Moyo pa! Lakini kakizunguka kiti, kakibonyeza sponji, kavuta mpini mara nne. Kauliza cha nani. Nikasema cha jamaa yangu wa mbali, kanituma. Akasema ofisi inahitaji kiti cha wageni, lakini kwa bei ya mabati manne, zaidi hana. Mabati manne! Mimi nimekinunua kwa sita! Nimelia hadi nikakohoa. Hakusikia. Nimekubali.

Akasema, risiti.

Nikatoa kitabu changu mfukoni, fahari tupu. Siku hizi nikikiona tu, mkono wa kushoto unainuka wenyewe. Nimeandika pale pale juu ya goti. Kaitazama muda mrefu. Kasema asante sana, mzee wangu, umenisaidia kuliko unavyojua. Mwanamke mpole kumbe! Nilikuwa namwonea bure.

Jumamosi, 8 Machi

Mabati manne nimeyanunua. Muuza mabati kaniuliza kama Mungu ameniagiza tena. Nimebeba mabati yangu. Nimeyapandisha na fundi, yamekaa vizuri. Bado nafasi ya mawili. Nikavuta turubai hapo, nikaipaka rangi ya fedha. Kwa mbali, ukifumba jicho moja, bati kabisa.

Bado niko juu ya ngazi nikaitwa ofisini. Kiti changu kiko pale, Mama Hazina kakikalia, miguu juu! Mezani kapanga risiti kwa mstari. Ya mkokoteni, namba moja. Ya misumari, namba mbili. Ya ngazi, ya maji, ya ulinzi, hadi kumi na moja. Halafu ya kiti. Namba kumi na mbili.

Kauliza imekuwaje mwenye mkokoteni, mwenye ngazi, muuza maji na jamaa yangu wa mbali wote wanatumia kitabu kimoja, na wote mwandiko wao umelala kushoto kama mtu aliyechoka.

Namba sikuziona kabisa! Ziko pembeni juu, ndogo, nyekundu. Nani anasoma pembeni?

Nimesema yote. Ukweli umetoka kama maji kwenye bomba bovu. Mama Hazina kagonga mkono wa kiti. Kumbe kiti hiki misheni imekinunua mara mbili! Hapo nikaona mwanga. Nikawaambia subirini, basi misheni ina mabati kumi na nane, na kiti juu yake, hasara iko wapi? Bwana Risiti kajishika kichwa. Kachukua kalamu, kahesabu, kafuta, kahesabu tena. Kauliza polepole, na lile la mabati tisa ya sadaka? Nikamwambia mchungaji, lile mlinipa ninyi wenyewe, mimi sikuomba.

Bwana Risiti kaiweka kalamu chini. Kisha akasema kesho tutawaambia akina bibi yote, na wao wakisema uondoke, utaondoka. Wao ndio wenye keki.

Mke wangu ameanza kufunga vyombo. Kijiko kakificha mwenyewe, tusikikute kinahesabiwa.

Jumapili, 9 Machi

Vichwa saba vyeupe kwenye kioo kimoja, vinasukumana kama vifaranga. Bwana Risiti kaongea lugha yao muda mrefu. Mimi sijui neno. Nikawa natabasamu na kupunga mkono. Nimepunga pale aliponionyesha mimi. Nimepunga pale alipoonyesha turubai. Nimepunga pale alipokionyesha kiti, kilicholetwa kutoka ofisini, na Mama Hazina akanikanyaga.

Vicheko hakuna. Bibi mmoja alivua miwani, akaifuta. Mke wangu nyuma yangu akanishika shati, hajanishika hivyo tangu tuoane.

Kisha yule mzee kuliko wote, uso wote makunyanzi, akauliza kitu. Bwana Risiti kababaika. Katafsiri: anauliza kama kile kiti kilikufaa mgongo.

Swali gani hili? Nimetafuta mtego sikuuona. Nikasema kweli tupu: mama, kilikuwa dawa. Nilikuwa nakilalia mchana kutwa kwenye zamu. Bwana Risiti kasita, lakini katafsiri. Bibi akasema cha kwake kinalia mpini, apake nini? Nikamwambia mafuta ya kupikia, kidogo tu. Akaandika!

Wakashauriana. Hukumu hii hapa. Mabati mawili yatoke kwenye mshahara wangu. Ile ahadi ya mabati tisa wameichana. Chumba tukae. Lakini wamesema, miaka kumi wanaletewa ripoti zenye safu na asilimia na hawajawahi kuelewa keki zao zinakwenda wapi. Leo ndiyo mara ya kwanza wameelewa. Kwa hiyo kila mwezi niwaandikie mimi, kwa mkono wangu, kila kilichonunuliwa na risiti yake, Mama Hazina ahakiki. Mwezi mmoja ukiwa na uongo, kwaheri yetu, mimi na misheni.

Mke wangu kafungua vyombo. Kalia kidogo, kisha kanitukana kwa muda mrefu, vizuri sana. Hapo nikajua tumepona.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi mpya! Mlinzi na mwandishi wa ripoti! Bwana Risiti kanipa kalamu mbili na fedha kidogo ya vifaa vya uandishi, niwaonyeshe akina bibi jinsi mtu mwaminifu anavyotumia. Kanishika bega, kasema anaamini nimejifunza. Nimejifunza sana. Nimemwambia kosa langu nimeliona, halitarudi.

Kosa lilikuwa zile namba. Mtu mzima anawezaje kuandikia wauzaji kumi na wawili kwenye kitabu kimoja?

Nimepita duka la madaftari. Nimenunua vitabu viwili vya risiti: kimoja cha mkono wa kulia, kimoja cha mkono wa kushoto. Muuzaji kauliza kama nataka risiti.

Nimemwambia asijisumbue, nitaandika mwenyewe.