Shanga Nyeupe za Mama

Jumatatu, 12 Mei

Dada Christella, binamu yangu, daftari ulilonipa nimelianza leo. Uliniambia niandike yote na nisijipendelee. Naahidi nitaandika yote, hata mahali nitakapoonekana vibaya, ingawa sidhani tutafika huko. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wewe ulikulia Buyenzi, wanakosema Kiswahili, na kwa sababu mdogo wangu Umuhoza hukisoma polepole mno. Kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza nitakuwa nimeshamnyang'anya.

Hali ya nyumba: watoto watano. Mimi ni wa kwanza, miaka kumi na nne. Umuhoza ana kumi na mmoja. Bertrand ndiye wa mwisho, ana miaka miwili, na hulala miguuni petu akipiga mateke mpaka asubuhi. Siku ya Pasaka Baba alisema mbele ya wageni: tukibaki watano, Septemba Mugeni, yaani mimi, anakwenda shule ya bweni. Akija wa sita, Mugeni anabaki, maana Mama hawezi kubeba mtoto mgongoni na kuuza vitunguu soko la Nyabugogo kwa wakati mmoja. Wageni walipiga makofi. Sijui walipigia sehemu ipi.

Leo muuguzi Winifred kutoka kituo cha afya alikuja kwenye klabu yetu shuleni. Alitufundisha njia za uzazi wa mpango. Vidonge, sindano, kijiti cha mkononi, kitanzi, kondomu. Mwisho akatoa shanga, thelathini na mbili kwenye uzi mmoja. Nyekundu ni siku ya kwanza ya hedhi. Kila asubuhi mama anasogeza kipete cha mpira shanga moja. Kwenye za kahawia mimba ni vigumu kushika. Nyeupe ziko kumi na mbili, nazo ndizo siku za hatari. Mume na mke wanasubiri. Hakueleza wanasubiri wakifanya nini.

Nilizitambua mara moja. Zinaning'inia kwenye msumari chumbani mwa Mama, kando ya rozari. Mwaka mzima nimedhani ni rozari ya Burundi, alikokulia.

Jioni nimechungulia. Kipete kiko kwenye nyeupe ya nne.

Jumanne, 13 Mei

Nimefikiri kipindi chote cha hisabati. Nyeupe ni kusubiri. Wanaosubiri hawapati mtoto. Basi kwa nini mtu atoke kwenye nyeupe?

Mpango: Mama anasogeza kipete saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kwenda sokoni. Mimi natoka shule saa kumi jioni. Nitakirudisha nyuma shanga moja. Kila siku ya tatu nitakiacha kiende, Mama asishtuke. Kwa hesabu yangu nyeupe zitatufikisha Juni. Baada ya hapo nitapiga hesabu nyingine.

Nilitaka kumuuliza muuguzi kama kuna ubaya wowote. Nikaona swali lenyewe litanifichua.

Jumamosi, 17 Mei

Umuhoza amenikuta na shanga mkononi. Bado anadhani ni rozari. Alisema kumsogezea mtu sala zake ni dhambi, na kwamba Mama atapenda kujua ni nani anayefanya hivyo. Nilikubali kuwa ni dhambi, tena kubwa. Akauliza dhambi kubwa inaweza kununua nini. Anataka upande wa ukutani kitandani. Nimempa. Sasa ni usiku wa manane na nimeshaanguka mara mbili, mara ya pili pamoja na Bertrand.

Kipete: nyeupe ya tano. Mpango unakwenda vizuri.

Alhamisi, 22 Mei

Mama alikuwa anachambua maharage, akamwambia Baba kwa sauti ya chini kwamba mwezi huu ni mrefu. Baba akajibu kwamba ameona.

Baba ni fundi wa friji. Wiki hii ametengeneza pia pasi, redio, bawaba za mlango, birika la jirani yetu Mzee Munyakazi, na saa ya ukutani ambayo haikuwa imeharibika. Sasa imeharibika. Jana aliniuliza kama baiskeli ya shule ina tatizo. Shule haina baiskeli.

Sasa najua wanasubiri wakifanya nini.

Ijumaa, 30 Mei

Tatizo.

Mama amerudi mapema, akanituma dukani kununua taulo za kike. Nilimpelekea chumbani. Alikuwa ameketi kitandani na shanga mapajani, akihesabu kwa Kirundi, akifika mwisho anaanza tena. Kipete kiko kwenye nyeupe ya kumi. Hedhi imekuja.

Alipopewa shanga aliambiwa hivi: damu ikija kabla ya kipete kufika kwenye ile shanga moja ya kahawia iliyokoza, karibu na mwisho, mzunguko ni mfupi, na shanga si za kutegemea. Mama hajafika hata kwenye kahawia nyepesi zinazofuata nyeupe. Aliniuliza kama sura yake imebadilika. Nikasema hapana. Akaniuliza tena.

Sikuwa nimefikiria kwamba mwili hauangalii msumari.

Jumamosi, 31 Mei

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Mtaa mzima tulizibua mtaro wa barabara ya kwenda hospitali ya Kibagabaga. Baada ya mkutano Mama alimvuta kando Mukashema, mshauri wa afya wa mtaa, ambaye ndiye aliyempa shanga. Mimi nilikuwa karibu nikisafisha jembe lililokuwa safi.

Mukashema aliuliza kama Mama aliandika tarehe ya hedhi kwenye kalenda, kama alivyoelekezwa. Mama alisema kama angekuwa na muda wa kalenda asingehitaji shanga. Mukashema akamwambia, "Mama Mugeni, shanga na kalenda ni mashahidi wawili. Wewe umeniletea mmoja, na huyo naye anababaika." Akasema waende kituo cha afya Jumanne.

Mama akauliza kwa sauti ndogo kama inaweza kuwa ugonjwa. Mukashema akasema hawezi kujua kwa kutazama.

Tukiwa njiani Baba alisema hakuna haja ya kuhangaika. Shanga zikikataa, basi, tumwachie Mungu. Watano, sita, ukiwaita chakula wanakuja wote. Kisha akasema kwamba Ngabo ni jina zuri na bado halijatumika kwetu.

Mimi nilihesabu hatua mpaka nyumbani. Mtoto mwenye jina ameshafika nusu ya njia. Na bweni langu nalo limeshaondoka nusu ya njia.

Jumapili, 1 Juni

Baada ya misa nilikuwa na mpango mwingine. Niliwaambia kwamba nimewahi kumwona Bertrand akichezea shanga. Ni nusu ya ukweli, maana huchezea kila kitu.

Baba ni mtu wa kupima. Alimchukua Bertrand, akamsimamisha chini ya msumari. Mkono wa Bertrand uliinuka ukaishia usawa wa godoro. Baba akasema tangu aanze ufundi hajaona mashine inayorudi nyuma yenyewe, pana mkono. Akatutazama wote, mmoja baada ya mwingine.

Umuhoza hakusubiri zamu yake. Alisema amejua tangu tarehe kumi na saba, kwamba alilipwa upande wa ukutani, na kwamba upande huo haurudishwi kwa sababu biashara ilikwisha.

Nikaeleza yote. Mama akauliza siku ngapi. Nikasema kumi na nane, lakini nilirudisha mara kumi na mbili tu. Baba akatoka nje. Nilimwona mgongo kupitia dirisha, mabega yakitikisika. Sikuweza kujua ni hasira au kitu kingine.

Mama hakutikisika. Alisema: "Mugeni, siku mbili hizi nimedhani nina kitu tumboni kama kile kilichomuua shangazi yako Spéciose. Nimeuza vitunguu nikiwaza nani atakulisha." Akasema tena kwamba mwili ni wake, na kipete ni chake, na asubiri au asisubiri ni neno lake na Baba. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Niliomba msamaha. Akanipa maharage ya kuchambua, mengi kuliko tunavyoweza kula.

Jumatano, 4 Juni

Jana walikwenda kituo cha afya, wote wawili. Baba alifunga karakana kwa ajili hiyo. Mama ametusimulia kiasi alichotaka tujue.

Walimweleza muuguzi Winifred habari yote. Aliuliza mtoto huyo anasoma wapi, kisha akaomba dakika moja, akageukia kabati. Aliporudi alisema mzunguko wa Mama uko sawa kabisa, na shanga zingeweza kuendelea. Akamweleza pia njia nyingine, faida na kero zake. Miaka yote Mama amekataa kitu chochote cha kuingizwa mwilini. Jana alichagua kijiti, miaka mitatu. Alisema kina sifa moja ambayo shanga hazina: hakitundikwi ukutani kwenye nyumba yenye watoto. Baba alikuwa ameshika mkoba wa Mama. Hakutaja Ngabo.

Mama ana bandeji ndogo kwenye mkono wa kushoto, upande wa ndani juu ya kiwiko. Anasema hauumi sana.

Kuhusu mimi, Baba ametoa hukumu wakati wa chakula. Septemba nakwenda bwenini. Nisifikirie ni zawadi. Mtoto mwenye akili ya namna hii, alisema, ni heri akae mbali na chumba cha wazazi wake. Mama alitikisa kichwa kukubali, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa alicheka, kidogo, akiwa ameangalia sahani.

Umuhoza amebaki na ukuta.

Ijumaa, 6 Juni

Nimetulia. Nimetubu. Sitagusa tena kitu cha Mama bila ruhusa, isipokuwa jambo moja dogo ambalo si kugusa hasa.

Muuguzi alitufundisha kwamba kijiti kikiwekwa vizuri unakisikia kwa kidole chini ya ngozi. Mama amekifunika kwa bandeji na hajajipapasa hata mara moja. Nimemtazama siku tatu. Je, kikitoka? Je, kikipotea? Mimi nitakuwa bwenini, na Umuhoza haaminiki.

Jumapili Mama hulala baada ya misa, ubavu wa kulia, mkono wa kushoto ukiwa juu. Hulala fofofo. Nimefanya mazoezi na mrija wa wino wa kalamu niliouweka chini ya kitambaa. Kidole kimoja kinatosha, sekunde tatu.

Dada Christella, wewe unasomea uuguzi huko Huye, utajua. Mtu akikibonyeza kijiti taratibu, mara moja tu kwa wiki, kinaweza kusogea? Daftari hili nampa dereva wa basi jioni hii; tafadhali mpe jibu arudi nalo kesho. Mama analala keshokutwa saa nane.